Kupiga picha Loch Lomond: tazama maji kwanza, kamera baadaye

Treni ya kutoka Glasgow Queen Street hadi Balloch haimalizi hata saa moja, na ukishashuka, ziwa liko mwendo wa dakika chache kwa miguu. Waskoti huita ziwa loch. Loch Lomond ndilo lenye eneo kubwa kuliko yote katika kisiwa cha Britania: kilomita za mraba 71, urefu wa kilomita 36 hivi, na penye kina kirefu zaidi panafika mita 190. Kusini limetanuka na kujaa visiwa, kaskazini limebanwa na milima hadi unaweza kudhani ni mto mpana.

Nimelipiga picha kwa miaka kadhaa sasa, majira yote, na wageni ninaowapeleka huniuliza karibu kila mara: nibebe lenzi gani? Lenzi ni jambo la tatu au la nne. Picha ya ziwa hili inategemea upepo na maji kuliko kifaa kilichomo mkobani, ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na kamera. Kama una simu tu, endelea kusoma. Karibu kila hatua inakuhusu.

Hatua ya 1: Chagua mwezi, kisha saa

Loch Lomond iko nyuzi 56 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo mazoea yetu ya jua hayafai kule. Mwishoni mwa Juni jua huchomoza kama saa kumi na nusu alfajiri na kuzama saa nne usiku. Mwishoni mwa Desemba huchomoza saa tatu kasorobo asubuhi, na ikifika saa kumi kasorobo alasiri limeshazama. Tena Desemba halipandi juu. Adhuhuri liko nyuzi 11 hivi tu kutoka upeo wa macho, sawa na jua la Dar es Salaam likibakiza dakika 45 kuzama. Maana yake ni kwamba siku ya baridi yenye anga wazi inakupa mwanga wa jioni tangu asubuhi.

Jambo jingine: jua la kule halidondoki wima kama la Mombasa au Mwanza. Linashuka kwa mshazari. Kwetu likishazama una dakika 20 na kitu, giza limeingia. Loch Lomond mwezi Juni mwanga hubaki zaidi ya dakika 40, na rangi nzuri kuliko zote mara nyingi hujitokeza wakati watu wameshafunga mikoba na kuelekea kwenye magari. Baki hapo.

Ningepewa mwezi mmoja tu, ningechukua Oktoba, nusu ya pili. Makangaga ya mlimani yamegeuka rangi ya shaba, jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi kwa hiyo huhitaji kukesha, na wadudu nitakaowataja mbele wamekwisha. Maji yangali na joto la kiangazi huku hewa ya usiku imeshapoa, hivyo baada ya usiku usio na mawingu wala upepo ukungu huinuka juu ya ziwa. Mei ni chaguo langu la pili, kwa ajili ya Inchcailloch, kisiwa ambacho jina lake kwa Kigaeli ni kisiwa cha ajuza. Msitu wake hufunikwa na maua ya buluu, na boti ndogo za kwenda huko hutoka Balmaha. Agosti vichaka vya heather huchanua zambarau, ila ndio wakati watu na wadudu wote wamejaa.

Hatua ya 2: Jua umesimama upande gani wa maji

Ziwa limelala kaskazini hadi kusini. Ng'ambo ya magharibi kuna kijiji cha Luss, chenye gati la mbao. Ng'ambo ya mashariki kuna Balmaha, kisha ghuba ya Milarrochy kilomita kama 2 mbele. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kufika mahali sahihi kwa saa isiyo sahihi.

Ukiwa kwenye gati la Luss, mlima Ben Lomond, mita 974, uko mbele yako kaskazini. Asubuhi jua liko mashariki, na miteremko ya mlima inayotazama ziwa unaipata kama kivuli cha bluu kisicho na sura. Njoo jioni, jua likiwa kushoto kwako, uone mabonde yake yanavyochongeka. Milarrochy ni kinyume chake: unatazama magharibi, kwa hiyo alfajiri mwanga unapiga vilima vya Luss ng'ambo, na jioni unapata jua lenyewe na maumbo meusi mbele yake. Machi na Septemba jua hushukia magharibi kamili. Juni hushukia kaskazini magharibi, Desemba kusini magharibi. Kama unataka jua lizamie nyuma ya kilima fulani, kagua kwanza kwenye programu ya simu inayoonyesha njia ya jua.

Kama huna gari, Luss inafikika kwa basi kutoka Glasgow, na Balmaha kwa basi kutoka Balloch. Angalia ratiba ya basi la mwisho kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu machweo ya Juni na mabasi ya vijijini hayajaafikiana. Mimi Juni hulala Balmaha.

Ukipita Balloch, tenga dakika kumi uione Maid of the Loch, meli ya magurudumu iliyoundwa Glasgow mwaka 1953, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa upya kando ya ziwa. Nikiiona humkumbuka MV Victoria wetu wa Mwanza na Bukoba, naye alitengenezwa Glasgow, akasafirishwa vipande hadi Kisumu na kuunganishwa huko. Rangi nyekundu ya bomba la moshi la Maid of the Loch inapendeza sana siku ya mawingu.

Angalizo kwa mtu wa pwani: Loch Long na Loch Fyne, zilizo jirani, ni mikono ya bahari, na huko lazima usome kupwa na kujaa. Loch Lomond haina chumvi wala haipwi. Ila hupanda baada ya mvua za siku kadhaa, na hilo litakuhusu ukifika kwenye mti wa Hatua ya 4.

Hatua ya 3: Soma upepo

Hapa nilifundishwa na shemeji yangu. Alitoka Mwanza kututembelea mwezi wa Oktoba, mtu aliyekulia kwenye familia ya wavuvi wa Ziwa Victoria. Tulisimama Milarrochy tangu mapema, mimi nikiwa nimeinua shingo natafuta upenyo kwenye mawingu, yeye akiwa amejikunyata ndani ya koti langu la akiba, macho kwenye maji.

"Shemeji, huko juu unatafuta nini? Angalia lile doa linakuja."

Nikaangalia. Kwa mbali, kati ya kisiwa na sisi, kulikuwa na kiraka cheusi kinachosogea juu ya maji kama kivuli cha wingu, ila mawingu yalikuwa yamefunga kote na hakukuwa na kivuli cha kitu. Ulikuwa mpulizo wa upepo. Unapogusa maji unayakunjakunja, na maji yaliyokunjamana huonekana meusi zaidi kuliko yaliyolala. Kikatufikia, matawi yakatikisika, taswira ya vilima majini ikavunjika yote. Nikataka kukunja stendi ya kamera. "Ngoja," akasema, "nyuma yake pameupe." Kweli, nyuma ya lile doa maji yalikuwa yamelala na kung'aa. Akahesabu kimoyomoyo kama anayesubiri kutupa wavu. "Haya, sasa." Nilipata picha sita kabla doa lingine halijafika, na mbili kati ya hizo ndizo nilizochapisha na kuzitundika ukutani.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Usiku wa kuamkia safari naangalia utabiri wa Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, na ninachosoma kwanza ni kasi ya upepo na unakotoka. Mvua naisoma baadaye. Chini ya kilomita 8 kwa saa kuna matumaini ya maji kama kioo. Upepo wa kawaida wa Uskoti hutoka kusini magharibi, na huo husukuma mawimbi moja kwa moja kwenye ufuko wa mashariki. Ukitoka huko kwa nguvu, acha Milarrochy, nenda Luss au utafute ghuba iliyojificha. Ukitoka mashariki, vilima vya nyuma huikinga Milarrochy vizuri. Nikifika, sifungui mkoba kwa dakika tano za mwanzo. Nasimama nikitazama madoa yanatokea wapi na yanachukua muda gani kunifikia.

Hatua ya 4: Mti wa Milarrochy

Kwenye ukingo wa ghuba hii umesimama mti mmoja peke yake, mwaloni mwembamba ulioinama kidogo, na ni miongoni mwa miti inayopigwa picha zaidi Uskoti. Nilipomwambia shemeji kwamba huu ni mwaloni aliangua kicheko, maana kwa mtu wa Mwanza mwaloni ni pale Kirumba samaki wanaposhushwa. Wengine watakuambia mti huu umeshapigwa picha mno. Mimi nauona ni darasa zuri, kwa sababu kila kosa la upangaji linaonekana papo hapo.

Kwanza tazama maji yamefika wapi. Yakiwa yamepanda, mti unasimama ndani ya ziwa na taswira yake chini. Hiyo ndiyo picha ya utulivu. Yakiwa yameshuka, unapata kokoto mbele, na kokoto zilizoloa zina rangi nyingi, nyekundu hadi kijani. Basi zifanye ziwe sehemu ya picha, inama uzisogelee.

Kisha cheza na urefu wa kamera. Ukiishusha hadi usawa wa goti, kilele cha mti kinapanda juu ya vilima vya ng'ambo na kuingia angani, na vitawi vyembamba vinasomeka. Ukiipandisha hadi usawa wa macho, kilele kinashuka na kuzama kwenye kilima cheusi, hasa majani yakiwa yamepukutika. Ila ukishuka mno, ukanda wa maji kati ya mti na ng'ambo unakuwa mwembamba kama uzi. Mimi huchuchumaa, natazama skrini, napanda kidogo kidogo mpaka nione maji ya kutosha nyuma ya shina huku kilele bado kiko angani. Kuna siku ni tofauti ya sentimita 20 tu.

Usikanyage mizizi. Watu ni wengi, udongo unaondoka, na mti ni mmoja. Usiingie majini kupita magoti hata ukiwa umevaa gambuti: fuko za ziwa hili mahali pengine hukatika ghafla, na maji ni ya baridi kali hata Julai.

Hatua ya 5: Mpangilio wa kamera

Tumia stendi ya miguu mitatu, ikandamize kwenye kokoto hadi iache kucheza. Weka ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/8 hadi f/11, na upige kwa muundo wa RAW, yaani faili ghafi unalolisafisha mwenyewe baadaye. Kwa lenzi ya milimita 20 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), katika f/11, ukilenga fokasi jiwe lililo mita 1.5 hadi 2 kutoka kwako, kila kitu kuanzia chini ya mita moja hadi mlimani kitakuwa kikali.

Kwenye ukungu kamera hudanganyika. Inaona weupe mwingi na kuupiga kijivu. Ongeza mwangaza kwa theluthi mbili za stopu hadi stopu moja nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili). Kwenye machweo fanya kinyume, punguza mpaka mawingu yanayong'aa yasipoteze rangi, kisha vivuli utaviinua nyumbani.

Filta ya polaraiza ni ya thamani, lakini kwenye ziwa ina hatari yake: inaondoa mng'ao, na taswira ya mlima majini ni mng'ao. Nimeona mtu akiizungusha hadi mwisho kwa mazoea, akafuta kile alichokuja kukipiga. Izungushe taratibu ukitazama maji. Inapofaa kabisa ni kwenye makangaga na majani yaliyoloa, maana inaondoa ule weupe wa maji juu ya jani na rangi inarudi.

Kuna pia filta nyeusi ya kupunguza mwanga ili shata, pazia linaloruhusu mwanga kuingia kwenye kamera, ibaki wazi muda mrefu. Hesabu yake ni rahisi: kila stopu huongeza muda mara mbili. Kama bila filta ulihitaji 1/30 ya sekunde, filta ya stopu 6 itakupa sekunde 2 hivi, na ya stopu 10 sekunde 34. Maji yenye mawimbi madogo napenda kuyapiga sekunde 1 au 2, yanakuwa laini lakini bado ni maji. Dakika nne huyageuza kuwa moshi, na picha inaweza kuwa ya ziwa lolote duniani.

Kwa simu: gusa skrini penye mawingu angavu, shikilia mpaka ifunge mwangaza, vuta alama ya jua chini kidogo, kisha iegemeze simu kwenye jiwe na utumie kihesabu cha sekunde 3.

Hatua ya 6: Piga mvua inapopita

Mvua za hapa nyingi ni za manyunyu yanayokuja na kuondoka. Dakika bora ni pale manyunyu yanapoondoka na jua la chini linapenya chini ya wingu. Geuka ulipe jua mgongo: upinde wa mvua, kama upo, uko upande huo. Upinde hauonekani jua likiwa juu ya nyuzi 42, ndiyo maana Dar es Salaam hauoni upinde adhuhuri. Loch Lomond, kuanzia Oktoba hadi Februari, jua halifiki huko kabisa, kwa hiyo upinde unaweza kutokea saa yoyote ya mchana.

Beba mwavuli, vitambaa vitatu vikavu kwenye mifuko tofauti, na mfuko wa plastiki wa kufunika kamera. Na jihadhari na joto la mkahawani. Siku moja ya Januari niliingia kunywa chai Balmaha, kamera iko shingoni. Hewa ya ndani yenye joto na unyevu ikagusa kioo baridi, lenzi ikajaa ukungu nje na ndani. Nje jua likatoka kwa dakika kumi, nami nipo mezani nikipangusa. Siku hizi kamera inaingia kwenye mkoba na zipu inafungwa kabla sijafungua mlango, na inabaki humo mpaka ipate joto polepole.

Hatua ya 7: Usubi na kupe

Kuanzia Mei hadi Septemba kuna usubi, wadudu wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, wanaouma kwa makundi. Hupenda alfajiri na jioni zenye unyevu na mawingu, na hawaruki upepo ukizidi kilomita 11 kwa saa hivi. Yaani ule utulivu unaouomba kwa ajili ya maji, wao pia wanauomba. Vaa chandarua cha kichwa na mikono mirefu. Ukijipaka dawa yenye DEET, futa viganja vizuri kabla ya kushika kamera, kwa sababu huyeyusha plastiki. Kwenye makangaga kuna kupe wanaoweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme: ingiza suruali ndani ya soksi na ujikague usiku.

Hatua ya 8: Panda Conic Hill

Kutoka Balmaha, kilima hiki cha mita 361 hupandwa kwa saa moja hadi moja na nusu, njia ni ya mawe na ina mwinuko mkali. Ukigeuka nyuma utaona visiwa vya Inchcailloch, Torrinch, Creinch na Inchmurrin vimejipanga mstari mmoja na mgongo wa kilima ulichosimama. Huo ni mpasuko wa kijiolojia unaotenganisha nyanda za chini na nyanda za juu za Uskoti. Hapa acha lenzi pana mkobani. Tumia milimita 70 hadi 135 ili visiwa visogeleane na mstari uonekane.

Hatua ya 9: Haki yako na mipaka yake

Sheria ya ardhi ya Uskoti ya mwaka 2003 inampa kila mtu haki ya kutembea karibu ardhi yote, mradi awe mstaarabu: funga mageti uliyoyakuta yamefungwa, epuka kondoo wenye watoto, usikanyage mazao. Kupiga hema kandokando ya ziwa ni jambo jingine. Kuanzia 1 Machi hadi 30 Septemba sehemu kubwa ya fuko zake zinahitaji kibali cha hifadhi ya taifa, nacho unakata mtandaoni.

Hatua ya 10: Ukirudi nyumbani

Usiharakishe kuongeza rangi. Kijani cha Uskoti siku ya mvua kimeiva vya kutosha, na ukikizidisha kinakuwa cha plastiki. Kitu ninachorekebisha karibu kila picha ni maji: taswira majini huwa nyeusi kidogo kuliko anga inayoakisi, kwa hiyo ukiona maji yako yameng'aa kuliko mawingu, yashushe. Picha ikienda WhatsApp, itume kama hati ili isibanwe. Ya Desemba iliyopita, mti ukiwa ndani ya maji hadi kwenye matawi ya chini, nilimtumia shemeji hivyo. Aliikuza akaona mkunjo mdogo kwenye kona ya kulia, akaniandikia: "Hapa uliwahi kidogo, doa lilikuwa halijamaliza kupita."